Kamba ya kuzimia mashine: kazi yake, na kwa nini boti humrudia aliyeanguka

Ni kamba fupi, mara nyingi nyekundu, iliyojisokota kama waya wa simu za mezani za zamani. Ncha moja ina klipu, nayo hufungwa mwilini mwa nahodha. Ncha ya pili ina kipande cha plastiki chenye pengo, mfano wa kiatu cha farasi, kinachopachikwa nyuma ya kitufe chekundu. Kwenye mashine za mkono, yaani zinazoongozwa kwa mpini badala ya usukani, kitufe hicho kiko mbele ya mashine au kwenye mkono huo wa mashine. Kwenye spidiboti za usukani kiko kando ya wenzo wa gesi. Kipande kikiwa mahali pake, kitufe kimeshikwa nje na mashine inawaka. Kikichomoka, springi hukivuta kitufe ndani na mashine huzimika papo hapo.

Kamba hii haimzuii mtu kuanguka, wala haimfanyi aelee akishaanguka. Hiyo ni kazi ya jaketi la kuokoa maisha. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba nahodha akitoka mahali pake, boti haiendelei bila yeye.

Anayeanza bahari hudhani kwamba akianguka, boti itamwacha na kwenda zake. Mara nyingi haimwachi. Propela huzunguka upande mmoja, na msukumo wake huivuta mashine pembeni muda wote. Nahodha anaujua msukumo huo kwa bega lake: ndio unaomchosha toka Bandari ya Kale ya Mombasa mpaka Mtwapa. Mkono wa mashine ukiachwa huku gesi iko juu, mashine inageuka, na boti inaanza kuchora duara. Tuseme inakwenda noti 20, yaani kama mita 10 kila sekunde, na duara lake lina upana wa mita 40. Itamaliza mzunguko mmoja kabla ya sekunde 13. Muda huo mtu bado anakohoa maji ya chumvi na kutafuta upande wa nchi kavu. Na kinachomjia si omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, peke yake. Mashine inayozunguka mara 5,500 kwa dakika, yenye gia ya mbili kwa moja, huzungusha propela karibu mara 46 kila sekunde. Propela ikiwa na mabapa matatu, bapa hupita mahali pamoja zaidi ya mara 130 katika sekunde hiyo. Boti haina akili ya kumkwepa, na kila mzunguko mawimbi yake yenyewe huisogeza kidogo, kwa hiyo hata duara lenyewe halikai mahali pamoja.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Mei 2013 karibu na Padstow, kusini-magharibi mwa Uingereza. Boti ya mpira yenye sakafu ngumu, urefu wa mita 8, mashine ya nguvu za farasi 300, ilikata kona kali kwa kasi na kuwarusha majini watu wote 6 wa familia moja. Ikabaki tupu inazunguka, ikawapitia. Baba na binti yake wa miaka 8 walifariki, na wengine wawili waliumia vibaya. Wachunguzi wa ajali za baharini walikuta kwamba kamba ya kuzimia mashine ilikuwamo botini. Haikuwa imefungwa mwilini mwa aliyeshika usukani.

Kona ni mojawapo ya njia tatu ambazo boti ya kasi humtoa mtu nje, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. Boti iliyopanda juu ya maji hugusa bahari kwa sehemu ndogo ya tumbo lake, huko nyuma. Ukikata kona ghafla huku omo imeinamishwa mno, sehemu ya mbele hushika maji kuliko tezi, yaani sehemu ya nyuma. Tezi inateleza, boti inakwenda ubavu, halafu ubavu unang'ata maji kwa mpigo mmoja na boti inajirudisha wima kwa nguvu. Abiria ambao miili yao ilikuwa bado inakwenda upande wa zamani hutupwa nje. Haina haja ya bahari chafu; hutokea kwenye maji matulivu kama ya hori la Tudor, Mombasa, asubuhi. Dawa yake ni kupunguza gesi kabla ya kona, si katikati yake, na kuinua omo kidogo.

Njia ya pili ni kinyume chake: omo ikiinuliwa mno, upepo unaingia chini ya tumbo na boti inapaa ikapinduka kinyumenyume. Ndivyo Donald Campbell, Mwingereza aliyekuwa akitafuta rekodi ya kasi majini, alivyokufa tarehe 4 Januari 1967 kwenye ziwa Coniston, Uingereza, chombo chake kikiwa kimepita maili 300 kwa saa. Kwa boti zetu za kawaida ni nadra, ila boti nyepesi yenye mashine kubwa, ikikutana na upepo wa kusi uso kwa uso, huanza kuonyesha dalili: usukani unakuwa mwepesi mkononi na omo inayumba kushoto na kulia.

Ya tatu ni wimbi la chombo kingine. Tarehe 23 Agosti 1987, karibu na kisiwa cha Wight, Uingereza, Didier Pironi, aliyewahi kuwa dereva wa magari ya Formula One, alikufa pamoja na wenzake wawili katika mashindano ya boti za kasi baada ya boti yao kupiga wimbi la meli ya mafuta. Hili linamhusu kila anayepita mlango wa Kilindini, bandari kuu ya Mombasa. Meli ikiingia bandarini, wimbi lake huendelea kutembea wakati meli yenyewe imeshafika mbali, na likikutana na maji ya bamvua (yale ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) yanayotoka kwa kasi huwa fupi na kali kuliko linavyoonekana kwa mbali. Kwa noti 40 unakwenda zaidi ya mita 20 kila sekunde: wimbi uliloliona mita 60 mbele uko juu yake ndani ya sekunde 3. Punguza mapema, likate kwa mshazari, na abiria wakae chini, si juu ya ukingo wa boti.

Kwenye mashindano makubwa ya leo dereva hufungwa kwa mikanda ndani ya chumba kigumu kilichofunikwa, ana hewa ya kupumua, na lazima afaulu jaribio la kujitoa kwenye chumba kilichopinduliwa majini. Boti ya wazi haina chumba hicho. Ukijifunga mkanda ndani yake nayo ikapinduka, umejifungia chini ya maji. Kwa hiyo kwenye boti ya wazi inakubalika kwamba mtu anaweza kurushwa, na kamba ndiyo ulinzi uliobaki kati yake na propela.

Mahali pazuri pa kuifunga ni pajani, juu kidogo ya goti: izungushe mguu mara moja, kisha klipu ishike kamba yenyewe. Kifundo cha mkono si kizuri kwa anayeshika usukani wa duara, kwa sababu kamba hujisokota kwenye usukani na kuizima mashine katikati ya kona. Kwa mashine ya mkono, kifundo kinafaa mradi kitanzi kibane kisivuke kiganja. Usiifunge kwenye kikoi, wala kwenye kitanzi cha mshipi wa suruali. Nguo hubaki botini au huchanika kabla kipande cha plastiki hakijachomoka. Usiirefushe kwa mshipi wa kuvulia ili upate nafasi ya kutembea. Kamba ndefu hukuruhusu ufike majini, karibu na propela, huku mashine bado inanguruma.

Kamba hupotea, au plastiki yake huvunjika kwa jua. Hapo mtu hukata kipande cha chupa au cha kandambili, akakikaza nyuma ya kitufe ili mashine iwake. Boti inatembea, siku inapita, na kipande kinabaki pale mwaka mzima. Kuanzia saa hiyo swichi haipo tena, na abiria anayepanda hana namna ya kujua. Tunasema wazi: boti ya namna hiyo isibebe mtu mpaka ipate kamba halisi ya aina ya mashine yake, kwa sababu umbo la kipande hutofautiana kati ya kampuni na kampuni.

Kuna kasoro nyingine mbaya zaidi, maana haionekani. Kwenye mashine nyingi za mkono zisizo na betri, kama Yamaha Enduro 40 zilizozoeleka pwani, umeme wa plagi hutengenezwa na mashine yenyewe. Swichi haikati umeme huo. Inaupitisha kwenye bodi ya mashine usifike kwenye plagi. Maana yake, waya wa swichi ukioza kwa chumvi na kukatika, mashine itaendelea kuwaka vizuri kabisa. Waya wa taa ukikatika taa inazimika nawe unajua. Huu ukikatika hujui lolote.

Kwa hiyo ijaribu kila asubuhi, boti ikiwa bado imefungwa gatini. Weka gia nyutro, washa, kisha ivute kamba kwa ile ncha ya klipu. Usibonyeze kitufe kwa kidole, kwani unataka kujua kama mvuto wa mwili unatosha. Mashine izimike kabla hujahesabu mbili. Halafu, kamba ikiwa nje, jaribu kuwasha: isikubali. Ikikubali, usitoke. Jioni suuza kitufe kwa maji yasiyo na chumvi, na kamba iliyopoteza msokoto wake itupwe.

Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria humtaka nahodha wa boti iliyo chini ya futi 26, yenye mashine ya nguvu za farasi 3 au zaidi, awe amejifunga kamba hii boti inapokwenda kasi, isipokuwa usukani ukiwa ndani ya kibanda. Zipo pia swichi zisizo na kamba: kidude kidogo mwilini ambacho kikizama au kikienda mbali huizima mashine. Zinafaa, ila betri zake nazo zinataka kukaguliwa.

Mashine ikizimika ghafla kwa kasi, mambo mawili hufuata. Walio botini husukumwa mbele, na wimbi la nyuma la boti yenyewe huifikia tezi. Boti ya tezi fupi huingiwa na maji. Ndoo ya kutolea maji iwe karibu. Kisha walio botini wanahitaji kuwasha tena, nayo kamba iko majini na nahodha. Ndiyo maana kamba ya pili lazima iwemo, imefungwa mahali ambapo kila mtu amekwisha kuonyeshwa kabla ya kung'oa nanga. Mkondo wa noti 2 hubeba mtu mita 60 kila dakika, lakini huibeba na boti iliyozima vilevile, kwa hiyo aliyeanguka ana kitu cha kuogelea kukiendea, ila upepo ukiwa mkali boti humkimbia.

Mkimrudia, mtu mmoja asifanye kazi nyingine ila kumwonyesha kwa kidole bila kuondoa macho. Mwendeeni polepole, mumpokee ubavuni, kamwe si tezini kwenye propela. Nyutro haitoshi, kwani goti la mtu anayeinama kuvuta linaweza kuugonga wenzo ukaingia gia. Mashine izimwe kabla mkono wa kwanza haujamshika.