Mchujo wa WNBA: Kuongoza Msimamo Si Kuchukua Ubingwa

Vijiwe vya Ngamiani, hapa Tanga, sasa vinaijadili WNBA karibu kama Ligi Kuu, na mimi nafurahi sana. Ila kuna dhana moja inayopindishwa kila siku: mchujo. Juzi nimesikia tena mtu akiizungumzia timu ya Minnesota Lynx ya msimu wa 2025, akisema kwa uchungu, "Lynx walishakuwa mabingwa, wakaja kuporwa kwenye mchujo." Hawakuporwa kitu.

WNBA ni ligi kuu ya mpira wa kikapu ya wanawake nchini Marekani, na mechi zake zilianza mwaka 1997. Mchujo ni hatua inayofuata msimu wa kawaida ukiisha: timu nane zenye rekodi bora zinakutana mbili mbili, inayoshindwa inatoka, mpaka abaki bingwa. Hawakutani mara moja tu. Mwaka 2025, raundi ya kwanza ilitaka uwe wa kwanza kushinda mechi mbili, nusu fainali tatu, fainali nne.

Mkanganyiko unatoka kwenye soka. Katika Ligi Kuu yetu, mechi za mchujo ni za timu zilizo hatarini: wa 13 na wa 14 wanapigana wasishuke daraja. Ndiyo maana mtu akisikia timu "imeangukia mchujo" anaipa pole. WNBA haina kushuka daraja, na kuingia mchujo ni sifa. Golden State Valkyries waliingia mwaka 2025 wakiwa wa nane katika msimu wao wa kwanza kabisa, jambo ambalo hakuna timu mpya iliyowahi kulifanya katika ligi hiyo.

Soka pia limetuzoesha kwamba msimamo ndiyo hukumu, na kwa Ligi Kuu ni haki kabisa. Timu 16, mechi 30: ukija uwanjani kwetu Mkwakwani, na mimi nitakufuata kwako, na kila mtu amekutana na kila mtu sawasawa. Sasa tazama WNBA ya 2025. Timu 13, mechi 44. Kila timu ina wapinzani 12, na 44 haigawanyiki kwa 12 bila kubaki kitu. Lazima kuna utakaokutana nao mara nyingi zaidi kuliko wengine. Msimamo wa ratiba kama hiyo unakupa nafasi ya juu kwenye mchujo na faida ya kuanzia nyumbani, basi. Ubingwa unatafutwa baadaye.

Hao Lynx wa Minnesota walishinda mechi 34 kati ya 44 wakaongoza ligi nzima. Nusu fainali wakakutana na Phoenix Mercury. Mechi ya pili waliongoza kwa pointi 20, wakapoteza katika muda wa nyongeza. Mechi ya tatu nyota wao Napheesa Collier akaumia kifundo cha mguu, na ya nne ikachezwa bila yeye. Wakatoka 3-1. Inauma, naelewa. Lakini kuhimili wiki kama hizo ndiko kunakopimwa.

Fainali ikawa Mercury na Las Vegas Aces. Waliokesha na simu mkononi wanakumbuka mechi ya tatu: zikiwa zimebaki sehemu tatu za kumi ya sekunde, A'ja Wilson aligeuka akarusha juu ya mikono ya mabeki, 90-88. Aces wakamaliza 4-0.

Kuna na Kombe la Kamishna, lililoanza 2021, nalo watu wanaliita ubingwa. Hilo ni shindano dogo ndani ya msimu, lenye fainali moja na zawadi ya fedha. Fainali hiyo haihesabiwi hata kwenye msimamo. Mwaka 2024 Lynx walilichukua kwa kuwafunga New York Liberty, na Oktoba Liberty hao hao wakawafunga Lynx wakawa mabingwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, sema Lynx waliongoza msimu wa kawaida wa 2025, Indiana Fever walichukua Kombe la Kamishna, na Aces wakawa mabingwa. Ni timu tatu tofauti, na kila moja ilipata ilichokishindania.