Utabiri wa mlipuko wa ugonjwa: hesabu, si ramli

Mwezi wa saba 2019, ukitaka kuvuka Petite Barrière, mpaka wetu wa Goma na Rwanda, kwenda Gisenyi, ulinawa kwanza maji ya klorini, kisha ukapimwa joto kwenye paji la uso. Ebola ilikuwa imeingia Goma na abiria wa basi kutoka Butembo. Wataalamu walihofia itatapakaa mji mzima; mwishowe wagonjwa hapa hawakuzidi wanne. Maneno yakaanza: si walitutisha bure hawa?

Utabiri wa mlipuko una sharti ndani yake: "mambo yakiendelea hivi hivi". Mtaalamu huanza kwa kuuliza mgonjwa mmoja anaambukiza wangapi, na baada ya siku ngapi. Mwenye Ebola huambukiza kama watu wawili, na dalili hutokea kati ya siku 2 na 21. Surua ni balaa lingine: pasipo chanjo, mtoto mmoja anaweza kuambukiza 12 hadi 18. Kuanzia 2019 hadi mwanzo wa 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 nchini Kongo, kuliko ile Ebola ya mashariki, na hakuna aliyetupima joto kwa ajili yake.

Sharti likivunjwa, hesabu nayo hubadilika. Septemba 2014, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilikadiria kwamba Liberia na Sierra Leone zingeweza kufikisha wagonjwa milioni 1.4 ifikapo Januari 2015, kama hatua zisingeongezwa. Hatua ziliongezwa, na Afrika Magharibi yote ikaishia kwenye wagonjwa 28,600 na ushee. Goma nayo, waliokutana na wagonjwa walitafutwa wakachanjwa.

Kwangu mimi, udhaifu wa utabiri uko kwenye kuhesabu wagonjwa wenyewe. Chukua kolera, yaani kipindupindu. Mabomba yakikauka, watu hushuka ziwani Kivu na bidoni za lita 20. Ufukweni kijana mwenye sirinji hudondoshea kila bidoni klorini ya kuua vijidudu. Anayepita bila kusimama huenda akaanza kuhara kesho, au baada ya siku tano. Hapo mama yake hukimbilia famasi ya mtaani kununua pakiti mbili za ORS, ile chumvi ya kurudisha maji mwilini. Mwenye famasi anaona kwamba tangu asubuhi ameuza nyingi kuliko wiki nzima iliyopita, lakini daftari lake halifiki kwa anayepiga hesabu. Kinachofika ni fomu ya kituo cha afya, na mtoto hupelekwa huko akiwa tayari amelegea.