Keki ya chokoleti ya Kifaransa ni keki ya namna gani?

Ni keki isiyotegemea unga. Ile tuliyoizoea harusini hapa Mtwara husimama kwa unga wa ngano, huumuliwa na bekingi pauda, na ladha yake hutoka kwenye kakao ya unga. Ya Kifaransa hushikwa na chokoleti nyeusi ya kuyeyushwa, siagi, sukari na mayai. Unga ukitiwa ni kijiko kimoja au viwili. Bekingi pauda haimo kabisa.

Kinachoinyanyua ni hewa ya kwenye mayai. Ute hupigwa peke yake mpaka uwe povu jeupe. Ukiinua mchapo, ncha ya povu inasimama na kupinda kidogo. Povu hilo huingizwa kwenye mchanganyiko wa chokoleti, viini na sukari kwa mwiko mpana, taratibu, ukitoa chini kuleta juu. Ukikoroga kwa nguvu, hewa yote imekwenda. Ndani ya moto hewa hutanuka, keki ikapanda. Ikitoka hushuka katikati na kupasuka juu. Wengi hudhani imeharibika, kumbe ndivyo inavyotakiwa kuwa! Hakuna unga wa kuizuia, na huko kushuka ndiko kunakoipa ule uzito laini unaoyeyuka mdomoni.

Wafaransa wanayo moja iitwayo Reine de Saba, ambayo sehemu kubwa ya unga hubadilishwa kwa lozi za kusaga. Hapa ndipo sisi tulipobahatika. Lozi kwetu ni za kuagizwa na bei yake haishikiki, lakini korosho za Newala, Tandahimba na Masasi zimejaa. Chukua vipande, ni rahisi kuliko nzima, visiwe na chumvi. Visage pamoja na kijiko cha sukari, ukiwasha na kuzima mashine. Ukiiacha izunguke mfululizo korosho hutoa mafuta na kugeuka rojo. Utamu wa korosho ni wa upole, haushindani na uchungu wa chokoleti, na kwa ulimi wangu unaishinda lozi.

Vipimo vinavyotosha keki ndogo: chokoleti gramu 200, siagi 150, sukari 150, korosho 100, mayai manne. Chokoleti iliyokaa dukani kwenye joto letu huota utandu mweupe. Hauna madhara, ukiyeyusha unapotea. Iyeyushe na siagi kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, ila tone la maji lisiingie, maana chokoleti itakaza na kuwa chengachenga.

Oveni iwe nyuzi 180, dakika 25 hivi. Kwa jiko la mkaa, tandika mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, weka chombo cha keki juu yake, funika, kisha makaa mengi yawe juu ya mfuniko na machache chini. Choma kijiti katikati: kitoke na unyevunyevu. Kikitoka kikavu, imepitiliza. Usiikate ya moto, itabomoka. Ikilala usiku mmoja huwa tamu zaidi.