Jinsi ya kusoma makaburi ya zamani ya Lubumbashi

Kila tarehe 1 Agosti, sikukuu ya wazazi, watu wa Lubumbashi huamkia makaburini na majembe, mapanga na ndoo za maji. Wakishafagia kwa mzazi wao hurudi nyumbani mbio, maana mchana ni zamu ya wazazi walio hai. Sisi wa kazi ya museo tunawaomba mkawie kidogo, mpite na kwenye makaburi yasiyo na mtu tena wa kuyafagilia.

Mji ulianza mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na shaba ikavuta watu wa kila namna. Ukikuta nguzo iliyokatika katikati, usidhani imevunjwa na wezi: ilichongwa hivyo kuonyesha maisha yaliyokatizwa mapema. Nanga, hata huku tusikoona bahari, ni alama ya Wakristo ya tumaini. Mwislamu hulazwa kwa ubavu wa kuume, uso ukielekea Maka. Na kutoka hapa, Maka iko kaskazini, ikipinda kidogo mashariki. Kwa Wayahudi, ambao wengi wao hapa walitoka kisiwa cha Rhodes, utaona nyota ya pembe sita na kokoto zilizoachwa juu ya jiwe na waliokuja kuzuru. Msiziondoe. Mwaka wao ukisoma 5690, toa 3760: ni 1930, ingawa miezi yake ya kwanza iliangukia mwishoni mwa 1929.

Marumaru ndiyo inayotutia wasiwasi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wenye salfa ukichanganyika na mvua hugeuza uso wa marumaru kuwa jasi, ambayo maji huiondoa polepole pamoja na herufi. Kwa hiyo msiisugue kwa javeli, siki wala brashi ya chuma. Maji na brashi laini vinatosha. Jina likiwa limefifia, nendeni asubuhi na mapema, au mmulike taa ya simu kwa ubavu wa jiwe; kivuli kitaziinua herufi.

Lakini jiwe humsemea aliyekuwa na pesa ya kulinunua. Wakoloni waliwatenga Wazungu na Waafrika mitaani, wakawatenga na makaburini, na misalaba ya mbao ya wafanyakazi imekwisha kuliwa na mchwa. Tarehe 9 Desemba 1941 askari waliwapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, waliogoma kudai mshahara. Hesabu ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Hata Patrice Lumumba hakuachiwa kaburi. Aliuawa Shilatembo, nje ya mji huu, tarehe 17 Januari 1961, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Kisha maiti zao zikafukuliwa na kuyeyushwa kwa asidi, makusudi, watu wasipate mahali pa kulilia. Jino lake lililosalia, lililorudishwa na Ubelgiji Juni 2022 lilipitishwa Shilatembo kabla ya kuzikwa Kinshasa tarehe 30 mwezi huohuo, katika mausoleo iliyojengwa Limete. Kwangu mimi, pale Shilatembo panafundisha kuliko marumaru yoyote ya mjini.

Mkienda makaburini, msalimieni kwanza mlinzi na mwombe ruhusa ya kupiga picha. Penye kilio, simu zikae mfukoni. Jiwe likiwa limeanguka, liacheni palepale, mtuletee picha yake na jina la njia iliyo karibu.