Je, wajua kwa nini setilaiti huzimikia katikati ya anga la Dar, na namna ya kuinasa kabla haijazimika?

Ukisimama ufukweni Kigamboni dakika sabini hivi baada ya jua kuzama, unaweza kuona nyota inayotembea. Haipepesi, haina taa nyekundu wala ya kijani, haitoi mlio. Inatokea upande wa jiji, inapanda hadi karibu na utosi, inashika njia ya baharini. Halafu, ikiwa bado juu kabisa na anga halina hata wingu, inageuka rangi ya machungwa na kupotea. Hiyo ni setilaiti, na ikiwa inang'aa kupita nyota zote zilizopo, karibu kila mara ni ISS, yaani Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Hakuna aliyezima taa. Ule mng'ao ni wa jua lile lile ambalo kwetu limekwisha kuzama. Aliye ghorofa ya juu kabisa pale Posta huendelea kuliona jua kwa muda kidogo baada ya aliye chini barabarani kulikosa. ISS nayo iko ghorofani, ila ghorofa yake ina kilomita 400 na ushei. Kwa urefu huo jua huendelea kuipiga mpaka lishuke digrii 20 chini ya upeo wa macho wetu. Likipita hapo, kivuli cha Dunia kinakuwa kimeufikia utosi, na chombo kinapita juu ya vichwa vyetu bila mtu kukiona.

Hapa ndipo Dar inapotofautiana na miongozo mingi ya mtandaoni, ambayo huandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. London mwezi Juni jua halishuki hata digrii 16 usiku kucha, kwa hiyo ISS huonekana huko hata saa sita usiku. Sisi tuko digrii 7 tu kusini mwa ikweta. Jua letu hudidimia karibu wima, na digrii hizo 20 huisha kwa dakika 80 hadi 90. Jua la Dar huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika 10 kutegemea mwezi, kwa hiyo muda wako ni kuanzia nusu saa baada ya hapo, giza linapoanza kukolea, hadi saa moja na nusu baada yake. Setilaiti za kilomita 550, kama baadhi ya zile za intaneti za Starlink, zinakuongezea dakika kumi hivi. Alfajiri mambo hugeuka. Kivuli kinakuwa upande wa magharibi, na setilaiti huchomoka katikati ya anga pasipo dalili yoyote, ikawaka, ikaelekea linakokuja jua.

Ile rangi ya machungwa ya mwisho inastahili kutazamwa kwa makini. Kwa sekunde chache kabla ya kuzimika, mwanga unaoifikia setilaiti umepenya kwenye ukingo wa hewa ya Dunia, hewa imenyang'anya rangi ya buluu na kubakiza nyekundu. Ni machweo yale yale yaliyotuacha ufukweni saa nzima iliyopita, sasa yametokea huko juu. Mwenye darubini ndogo ya kushika mkononi huiona rangi hiyo wazi zaidi.

Kujua itapita lini si kazi ya kubahatisha. Programu ya Heavens-Above, au ile ya NASA iitwayo Spot the Station, hutoa saa, upande na urefu wa kila mpito, yaani kila mara chombo kinapopita juu yako. Kosa linalowaangusha wengi ni mahali. Programu ikibaki na Nairobi, au ikiwa haijaruhusiwa kusoma GPS, njia iliyochorwa si ya kwako, na chombo kinachopita utosini huko kinaweza kukupitia pembeni kabisa. Hakikisha imeandika takriban 6.8 kusini na 39.3 mashariki. Saa zake ni za kizungu: 19:12 ni saa 1 na dakika 12 usiku. Upande huhesabiwa kwa digrii kuanzia kaskazini, 90 ikiwa mashariki, 180 kusini, 270 magharibi, na urefu huhesabiwa kutoka upeo wa macho hadi 90 utosini. Ngumi yako, mkono ukiwa umenyooka, ni takriban digrii 10, kwa hiyo mpito wa digrii 40 ni ngumi nne juu ya mstari wa bahari. Namba ya mng'ao huenda kinyume na mazoea, yaani ikiwa ndogo ndiyo kali zaidi. ISS ikipita juu hufika -3 au kung'aa zaidi ya hapo na inaonekana hata Kariakoo chini ya taa za barabarani. Ukiwa katikati ya jiji usihangaike na chochote kilichozidi 2. Na angalia ratiba siku hiyo hiyo, kwa sababu ISS husukumwa na injini mara kwa mara ili isishuke, na ratiba ya wiki iliyopita inakuwa imepitwa.

Ukiikosa ya jioni hiyo, usisubiri ya pili. ISS huizunguka Dunia kwa dakika 93 hivi, na katika muda huo Dunia imejizungusha digrii 23, ambazo huku ikweta ni kama kilomita 2,500. Mzunguko unaofuata unapita mbali magharibi, na kwa vyovyote giza la kivuli limekwisha kutanda. Huonekana jioni kwa siku kadhaa, kisha huhamia alfajiri, kisha hurudi. Kwa mpenzi wa anga wa Dar hilo linauma kidogo, lakini tuna fidia: darubini ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, haivuki digrii 28.5 kaskazini wala kusini. London hawaioni. Sisi inatupitia juu, inang'aa kama nyota ya wastani. Ukanda huu wetu wa ikweta una historia yake pia. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Sasa picha. Jambo moja likieleweka, mengine yote yananyooka: setilaiti haitulii kwenye pikseli, yaani kila kinukta kinachounda picha. ISS ikiwa utosini hukata takriban digrii moja kila sekunde. Chukua kamera ya kawaida ya pikseli milioni 24 yenye lenzi ya milimita 18. Mwanga wa ISS unavuka pikseli kama 84 kwa sekunde, kumaanisha kila pikseli inaguswa kwa sehemu moja ya themanini ya sekunde basi. Ukiacha shata, yaani kilango cha kamera kinachopitisha mwanga, wazi sekunde 5 au dakika 2, mstari haung'ai zaidi. Unakuwa mrefu tu. Kinachoongezeka ni mwanga wa jiji, ambao hauondoki mahali pake na hujilimbikiza kila sekunde mpaka anga lote linakuwa kama chai ya maziwa na mstari unamezwa. Kung'arisha mstari ni kazi ya tundu la lenzi (namba ya f, ikiwa ndogo tundu ni kubwa) na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Kulinda weusi wa anga ni kazi ya shata fupi. Kwa hiyo, badala ya picha moja ndefu, piga nyingi fupi mfululizo na kuziunganisha nyumbani.

Vipimo vya kuanzia: fungua lenzi hadi mwisho, f/2.8 au f/3.5. Coco Beach, ISO 400 na sekunde 6. Kimbiji, ambako taa zimepungua, ISO 800 na sekunde 10. Kama bado kuna utusitusi magharibi, shuka hadi sekunde 3 au 4. Weka kamera kwenye upigaji wa mfululizo, funga kitufe kwa waya wa rimoti, anza dakika moja kabla ya muda uliotajwa, usiguse kitu mpaka chombo kipotee. Utapata makumi ya picha. Programu ya bure kama StarStaX inazipanga juu ya nyingine na katika kila nukta inabakiza mwanga mkali kuliko wote, na mstari unaungana.

Mstari ukitoka umekatika vipande virefu sawasawa, mkosaji anajulikana: kipengele cha kupunguza chengachenga za picha ndefu. Kikiwashwa, kila baada ya sekunde 10 za kupiga, kamera hujifungia sekunde 10 nyingine ikisafisha, na ISS haisubiri. Kizime. Hata pengo la sekunde moja tu linaacha ufa wa pikseli 84 unaoonekana wazi. Zima pia kitulizi cha lenzi, kile cha kuzuia mtikisiko wa mkono, kwa kuwa kamera ikiwa juu ya stendi hicho ndicho kinachotikisa.

Fokasi, yaani kuulenga ukali wa picha, ukiiachia kamera ijifanyie yenyewe gizani haifanyi kazi. Itahangaika mbele na nyuma kisha shata igome. Dar tuna msaada ambao watu wa bara hawana, nao ni taa za meli zilizotia nanga nje zikisubiri zamu ya kuingia bandarini. Elekeza kamera huko, kuza picha kwenye skrini ya kamera mara kumi, zungusha pete ya fokasi mpaka taa iwe nukta ndogo kuliko zote, hamisha swichi iwe ya mkono, kisha bandika pete kwa selotepu. Alama ya mwisho kwenye pete isikudanganye. Lenzi nyingi huizidi kidogo, na nyota zinatoka kama vidonge.

Kinachofuata ni unyevu. Kamera iliyotoka kwenye gari lenye kiyoyozi, ikikutana na hewa ya bahari, inafunga ukungu kwenye kioo papo hapo, na wakati wa kuufuta mpito umekwisha. Fika mapema, iache ndani ya begi lililofungwa dakika 30 ipate joto la nje. Miguu ya stendi iliyosimamishwa kwenye mchanga mbichi huzama polepole na kupindisha picha zote, hivyo ikandamize hadi ikatae, au iweke juu ya vipande vya mbao. Upepo wa kusi ukivuma, ninginiza begi chini ya stendi. Angalia ratiba ya maji nayo, maana siku za bamvua bahari hupanda haraka ukiwa umeinua uso angani, na usiende ufukwe wa giza peke yako.

Simu inatosha kwa ISS, mradi iwe na hali ya kupiga kwa mkono na imefungwa kwenye stendi: lenzi kuu, si ile pana kupita kiasi, ISO 400, sekunde 8 hadi 10, fokasi kwenye alama ya mlima, kipima muda sekunde 3. Epuka hali ya usiku, kwa sababu huunganisha picha nyingi na kuchukulia kinachotembea kuwa kosa, ikakifuta.

Ukirudi nyumbani, kuza picha na uutazame mstari wenyewe. Wa ndege una shanga za taa zinazojirudia kwa nafasi sawa. Wa kimondo ni mwembamba ncha zote mbili, mnene katikati, na umo kwenye picha moja tu. Unaofifia na kuwaka kwa zamu ni kipande cha roketi kinachopinduka. Wa ISS ni laini mwanzo hadi mwisho, na ukiufuata upande wa bahari utaona mweupe ukigeuka njano, kisha rangi ya machungwa, kisha anga tupu, pale ilipoingia kivulini.