Kwa Nini Filamu ya Kutisha Huchekesha Kibandani?

Ukitaka kuona watu wanacheka mpaka njugu zinamwagika, ingia kibanda cha video Kampala, au kwetu Busia, jioni ambayo wameweka filamu ya kutisha. Muuaji anachomoza nyuma ya pazia na kisu mkononi, msichana anapiga mayowe, na mabenchi yote yanalipuka kwa kicheko. Filamu hiyohiyo huko ilikotengenezwa iliwafanya watu wafumbe macho. Kulikoni?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu, na nililitoa hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Nilisema Mzungu hajui kutisha. Sisi tumelala utotoni tukisimuliwa habari za abasezi, wale wachezaji wa usiku wanaosemekana kufukua maiti. Mtu aliyevaa kinyago cha mpira atatufanya nini? Jibu hilo lilipendwa sana kijiweni, maana lilitusifu sote kwa mpigo mmoja.

Kisha nikaiona Halloween, filamu ya mwaka 1978 ambayo nilikuwa nimeicheka kibandani tangu mdogo, safari hii peke yangu, usiku, kwenye kompyuta, hedifoni masikioni. Sikufika nusu. Niliwasha taa, nikachungulia chini ya kitanda, halafu nikaona aibu, kwa kuwa chini ya kitanda changu pana masanduku mawili na hapatoshi hata paka.

Abasezi hawakuwa wamenikinga na chochote.

Hapo nikaangukia kosa la pili, ambalo nadhani wengi bado wanalo: nikaamini kwamba kibandani runinga ilikuwa ndogo na picha imechakaa, kwa hiyo damu haikuonekana vizuri. Nikarudi kwenye filamu kuitafuta hiyo damu, ambayo kumbukumbu yangu iliapa kwamba ilikuwa inatiririka. Haipo. Imo kidogo sana. Mbuzi wa Idi anamwaga zaidi. Kinyago chenyewe cha muuaji ni sura ya Kapteni Kirk, yule wa Star Trek, tamthilia ya runinga ya safari za angani, kilichonunuliwa dukani kwa bei ya chee, kikapakwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Kwa hiyo kilichonitisha hakikuwa kwenye picha, na kilichotuchekesha kibandani nacho hakikuwa kwenye picha.

Aliyeiongoza filamu hiyo, John Carpenter, aligundua jambo hilo mapema, tena kwa kuadhirika. Alizaliwa mwaka 1948 katika jimbo la New York, akakulia Bowling Green, Kentucky, ambako baba yake alikuwa mwalimu wa muziki. Halloween aliitengeneza kwa takriban dola 300,000, naye akalipwa dola 10,000 kwa kuandika, kuongoza na kupiga muziki. Kabla muziki haujawekwa, alimwonyesha afisa mmoja kijana wa kampuni kubwa ya filamu. Kwa maelezo ya Carpenter mwenyewe, yule dada hakuogopa hata kidogo. Picha zote zilikuwepo: kisu, kinyago, giza, msichana. Carpenter akaamua kuiokoa filamu kwa muziki, akakaa kwenye kinanda cha umeme. Filamu ikaja kuingiza takriban dola milioni 70 duniani. (Mwishoni mwa filamu wametajwa Bowling Green Philharmonic Orchestra kuwa ndio waliopiga. Usiwatafute. Okestra hiyo haikuwahi kuwepo. Ni utani wake.)

Sasa, sauti inatishaje?

Fikiria mbu chumbani usiku. Anapoimba, humpendi, lakini unajua yuko wapi. Anaponyamaza ndipo unapoacha kupumua, mkono tayari, shavu linakuwasha kabla hujaguswa. Ule ukimya ndio unaokuchosha, kwa sababu una mtu ndani yake. Mwongozaji wa filamu za kutisha anafuga mbu: anakusikilizisha kwanza, halafu anamnyamazisha, na hapo mwili wako unaanza kumfanyia kazi bila malipo.

Kazi yenyewe imepimwa. Sauti kubwa ya ghafla hufumbisha macho na kukaza shingo katika sehemu ndogo ya sekunde, kabla hujapata nafasi ya kujiuliza ni nini. Mruko huo hauhitaji ruhusa yako. Lakini ukubwa wake unategemea hali iliyokukuta nayo. Mwaka 1951 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio ya panya waliofundishwa kuogopa ishara fulani: mlio mkubwa ukija wakati ishara ile ipo, panya waliruka zaidi kuliko ukija bila ishara. Binadamu nasi tumepimwa baadaye, na tuko vivyo hivyo. Kwa hiyo kishindo peke yake si kitu. Boda boda zinatushtua kutwa nzima na hatuziiti filamu. Kinachofanya kazi ni kishindo kinachomkuta mtu aliyekwisha kukazwa kama uzi wa gitaa.

Kinachomkaza ni nini? Katika Halloween ni hesabu. Muziki mwingi wa dansi huhesabika nne nne, na sikio limezoea kupumzika pale. Carpenter alihesabu tano, mdundo ambao baba yake alimfundisha utotoni kwa ngoma za bongo. Ni kama kupanda ngazi gizani katika nyumba ya watu: mguu umeshazoea, unadhani umefika juu, kumbe ipo ngazi moja zaidi. Hujaanguka, ila moyo umeteleza. Rudia hivyo kwa dakika moja na nusu na utakuwa umekaa ukingoni mwa kiti, hujui kwa nini, mbele yako pana picha ya nyumba tu na mti.

Watu huongeza kwamba zipo sauti nzito mno, zisizosikika, zinazowekwa kwa siri ili kutia hofu. Hapo mimi napunguza mwendo. Wapo watengenezaji waliojaribu, lakini ushahidi kwamba sauti hizo pekee zinaogofya ni mwembamba, na spika za kibandani kwetu zisingeweza kuzitoa hata kwa kulazimishwa.

Turudi kibandani basi. Nani yuko pale ambaye hakuwepo kwenye kompyuta yangu? VJ. Kwa msomaji ambaye hajafika Uganda: huyu ni mtu wa kipaza sauti anayeifasiri filamu kwa Kiluganda huku ikienda, anawapa wahusika majina ya mtaani, anawatukana, anawaonya, anatabiri. Jirani zetu wa Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu, lakini Uganda kazi hii imekuwa fani kamili, kiasi kwamba Nabwana I.G.G. wa Wakaliga, Kampala, filamu zake za mapigano huzitoa zikiwa na sauti ya VJ ndani tayari.

VJ akisema, anaishusha sauti ya filamu kwenye miksa, ile mashine ya kupandisha na kushusha sauti. Na VJ hunyamaza lini? Hanyamazi. Kila penye ukimya wa mbu, yeye anauona ni nafasi iliyo wazi, anaijaza. "Mpumbavu huyo, anakwenda kufungua mlango! Mwambieni!" Mdundo wa tano unazama chini ya sauti yake. Kishindo kinapokuja kinamkuta mtazamaji amelegea, katikati ya kicheko, tena amekwisha kuambiwa. Uzi haujakazwa, na ukiupiga hautoi mlio. Lile jopo la mabenchi yetu lilikuwa jasiri kama yule dada wa Marekani, kwa sababu ileile: sote wawili tuliiona filamu bila muziki wake.

Nikiri kwamba hakuna aliyewapima watazamaji wa Busia kwa nyaya na mashine. Haya ni maelezo yanayolingana na yaliyopimwa kwingine, basi. Na umati nao una mchango wake. Mtu aliyebanwa mabega na wenzake thelathini haogopi kama aliye peke yake.

Kuna pingamizi moja zito zaidi, nililipata kwa bibi yangu, ambaye hakuwa na filamu wala miksa. Kama maneno ya msimulizi yanaua hofu, mbona yeye kwa maneno matupu alitukojoza kitandani? Carpenter mwenyewe huanzia hapohapo anapoeleza kazi yake: watu wameuzunguka moto, mzee anasimulia. Hadithi za kutisha, kwa maoni yake, ziko mbili tu. Katika moja uovu uko kule gizani, nje ya duara letu. Katika nyingine uovu umekaa nasi motoni. Aliitengeneza hiyo ya pili mwaka 1982, The Thing, ikaanguka vibaya sokoni. Leo wengi wanaihesabu kuwa bora kuliko zake zote.

Basi usimulizi si adui wa hofu. Bibi alijua kunyamaza. Alifika penye mlango, akasita, akachochea kuni, akatuacha na giza. VJ angeweza pia. Mkono wake ndio ulio kwenye miksa, na pale ukumbini yeye ndiye mwongozaji, Carpenter ni mleta picha. Ila wateja wamelipia kucheka.

Nilimshauri VJ mmoja wa Busia ajaribu, mara moja tu: muuaji akiwa nyuma ya mlango, aachie muziki na asiseme neno kwa dakika nzima.

"Ssebo," yaani bwana, akanijibu, "nikinyamaza dakika nzima watadhani jenereta imezima. Watadai pesa zao."