Tumbo linapouma boti ikigonga wimbi

Wagonjwa wengi tunaowapokea Lamu kutoka Faza, Kizingitini au Kiunga huja kwa boti. Mwenye maumivu ya tumbo huwa namuuliza mapema: boti ilipogonga wimbi, ulisikiaje? Akiniambia kila kishindo kilimchoma hata akajikunja na kulishika tumbo, nashuku kwamba utando unaolizunguka tumbo kwa ndani umeshaguswa na ugonjwa.

Tando za mwili ni za aina kadhaa. Ngozi ni utando mkavu wa nje. Pua, kinywa, matumbo na njia ya mkojo, yaani kila njia inayofunguka nje, zina utando wenye ute. Kwenye mirija ya hewa ute huo hunasa vumbi na vijidudu, kisha vijinywele vidogo mno huusukuma hadi kooni tukaumeza bila kujua. Maungio kama goti yana utando unaotoa maji mazito ya kulainisha. Goti zima lenye afya huwa na mililita chache tu. Ubongo na uti wa mgongo vimefunikwa tando tatu, nazo zinastahili makala yake.

Leo nataka kuzungumzia zaidi tando telezi za mapafu, moyo na tumbo. Kila mmoja una matabaka mawili: la ndani limeshikamana na ogani yenyewe, la nje limeshika ukuta wa mwili. Katikati mna majimaji kidogo sana, ndiyo yanayofanya pafu liteleze likijaa hewa na matumbo yasogee bila kukwaruzana.

Matabaka haya hayahisi sawasawa. La ukutani lina neva kali kama za ngozi, hukuonyesha kwa kidole mahali panapouma. La ndani halina uhakika huo. Kidole tumbo kikianza kuvimba, habari zake huingia uti wa mgongo mahali pamoja na zile za ngozi ya kitovuni, basi mgonjwa hulalamikia kitovu. Baada ya saa kadhaa uvimbe hufika tabaka la ukutani, na maumivu huhamia chini upande wa kulia. Hapo kukohoa kunauma, kutembea kunauma, na kishindo cha boti ndiyo balaa. Tafadhali, tumbo la namna hiyo msilipe haluli wala msilikande. Kidole tumbo kikipasuka, usaha husambaa kwenye utando wote, na hayo ni maradhi ya kuua.

Kichomi cha nimonia nacho ni hivyo hivyo. Pafu lenyewe haliumi. Kinachouma ni tabaka la ukutani likisuguliwa kila pumzi, ndiyo maana mgonjwa huhema juu juu.

Linalonitia hofu zaidi ni bega. Mimba iliyotunga nje ya kizazi ikipasuka, damu huweza kufika chini ya kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Neva ya utando wa hapo hutokea shingoni, kwa hiyo mama husikia maumivu begani, hasa akilala chali. Mwanamke aliyekosa hedhi, tumbo linamuuma na bega pia, asisubiri kupambazuke na bega lake lisikandwe. Aletwe hospitali saa ile ile.